Muthama na Kiti cha Meneja

Muthama wa Ndululu alijifunza Kiswahili akiwa na kitambaa cha kupangusia meza begani. Hiyo ilikuwa Mtito Andei, miaka ya mwanzo ya uhuru, katika mkahawa mmoja mkabala na kituo cha petroli, mahali ambapo malori ya Mombasa yalisimama kupoza injini na madereva wakashuka kutafuta chai. Kwao Ikutha alikuwa amekulia Kikamba kitupu, na Kiswahili alichoondoka nacho nyumbani kilikuwa kile cha kuuzia mbuzi sokoni. Lakini madereva wale wa pwani walikuwa watu wa maneno. Mmoja wao akitaka chai hakusema "lete chai". Alisema, "Ndugu yangu, niokoe na kikombe cha moto, roho imening'inia." Muthama alicheka, akarudi jikoni akilirudia lile neno midomoni asije akalidondosha njiani. Miaka ikapita, naye akawa anawajibu kwa ulimi wao wenyewe, hata dereva mmoja akaapa kwamba huyu si Mkamba, huyu ni mtoto wa Mji wa Kale aliyepotea njia.

Ulimi huo ndio uliompa kazi. Chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa pamba kilipofungua ofisi mjini Kitui, meneja wake, Bwana Musembi, alisimama Mtito Andei akitoka safari. Akamsikia mhudumu wa mezani akiwatuliza madereva wawili waliotaka kupigana juu ya mahali pa kuegesha. Hakuinua sauti, hakumshika mtu, lakini wale watu waliishia kuagiza pilau sahani moja. Musembi akamwita. "Kijana, hapa unapoteza wakati. Njoo Kitui uwe tarishi wangu."

Basi Muthama akawa tarishi. Alifungua madirisha asubuhi, akapeleka barua posta, akabeba mafaili kutoka chumba hiki hadi kile, akachemsha chai, na wakulima walipofika kutoka Mutomo na Zombe wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, yeye ndiye aliyewapokea na kuwaambia wapi pa kukaa na nani wa kumwona. Kazi hiyo aliipenda. Alipenda harufu ya karatasi za kaboni, alipenda mlio wa taipu ya Mutindi, yule mpigaji chapa wa ofisi, ambaye vidole vyake vilikimbia kama mvua juu ya mabati. Mwisho wa mwezi alikwenda Ikutha kwa mkewe Mbinya na watoto, akakaa siku mbili tatu, akarudi. Akiulizwa habari za maisha alisema, "Sina la kumlalamikia Mungu," na hakuwa akisema tu.

Musembi naye hakuwa mtu mbaya. Wakulima walikuwa na ofisi kwa sababu yeye alipigania wapate ofisi, na siku ya kuuza pamba hakumruhusu mtu yeyote kuchezea mizani mbele yake. Shida yake ilikuwa mdomo. Akikasirika alivuta suruali yake juu kwa mikono miwili, akagonga meza kwa pete yake, tok, tok, kisha akasema polepole, kama anayemsomea mtu hukumu: "Hii ofisi si shamba la mama yako." Maneno hayo kila mfanyakazi alikuwa ameyaonja. Waliyazoea kama watu wanavyozoea ngazi mbovu. Wanajua wakanyage wapi.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa themanini na sita, alipokuja mlangoni kijana mmoja mrefu aliyevaa kofia ya kitambaa na mkoba mkubwa begani. Aliwasalimu wote kwa Kikamba safi, wakamjibu, kisha wakatazamana, maana sura ilikuwa ya Kisomali.

"Mimi ni Aftin, mtoto wa mzee Bulle wa Tseikuru," alisema.

Hapo wakaelewa. Bulle, mfanyabiashara wa mifugo, nani hakumjua? Malori yake yalishusha ng'ombe na mbuzi kutoka kaskazini kila wiki. Mtoto wake huyu alikuwa amesomea shule mjini Kitui, akaenda Nairobi kusomea kupiga sinema, na sasa alitaka kutengeneza filamu yake ya kwanza. Hakutaka kuitengeneza Nairobi. Aliitaka ofisi hii, yenye madirisha ya mbao na kalenda za miaka iliyopita ukutani.

Wakati wa chai aliwaeleza hadithi yenyewe. Ilikuwa hadithi fupi ya zamani, iliyoandikwa enzi za mkoloni, aliyoisoma darasani akiwa mvulana na ambayo haikumtoka. Ilimhusu karani mmoja wa ofisi ya bandari. Karani huyo alifanya kazi miaka na miaka bila kukosa hata siku moja. Siku moja alimwendea bwana mkubwa, Mzungu, akaomba ruhusa ya kwenda kwao mara moja tu. Bwana akamnyima. Karani hakugomba, hakulia. Alirudi mezani akamaliza kazi ya siku ile, akaweka kalamu chini, na kesho yake kiti kilikuwa kitupu. Bwana akaanza kuuliza, kwao huyu mtu ni wapi? Hapakuwa na mtu ndani ya ofisi ile aliyejua.

"Ni hayo tu?" Mutindi aliuliza.

"Ni hayo tu, dada."

"Alikuwa na haja gani nyumbani?"

"Hadithi haisemi. Bwana hakumuuliza."

Musembi akaweka kikombe chini. "Ni nzuri. Lakini Mzungu utamtoa wapi hapa Kitui?"

"Simtaki Mzungu, mzee," Aftin alisema. "Nataka kuileta hadithi katika siku zetu. Ofisi ya leo, simu ya leo, taipu ya leo. Meneja awe mmoja wetu. Kiti ni kile kile, aliyekikalia tu ndiye amebadilika."

Musembi alicheka sana, akatoa ruhusa ya ofisi siku ile ile, na jioni akaenda kunyoa. Alikuwa ameelewa kwamba meneja wa sinema ni yeye.

Siku ya kujaribu ilipofika, alikuja na suti ya kahawia ambayo watu walikuwa wameiona harusini tu. Akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, nyuma ya meza yake mwenyewe, kamera ikaelekezwa kwake, taa zikawashwa. Na hapo Musembi, aliyeweza kutetemesha ghala zima la pamba, akakauka. Macho yakamtoka. Jasho likamteremka. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ile ya mkutano mkuu wa mwaka: "Mheshimiwa karani, ningependa kuchukua nafasi hii..." Aftin alimwambia kwa upole ajaribu tena. Akajaribu. Ikawa hotuba ndefu zaidi.

Ilikuwa katikati ya mahangaiko hayo ndipo Muthama alipoingia na sinia la chai. Mafundi wa taa walikuwa wamejibanza mlangoni. Akawaambia, "Jamani wenye nuru zenu, nipisheni na mimi mwenye moto mikononi, nisije nikawabatiza." Wakampisha wakicheka. Aftin aligeuka taratibu, akamtazama kuanzia viatu mpaka utosini.

"Mzee Muthama," alisema, "hebu weka hilo sinia chini. Keti pale."

"Wapi?"

"Pale. Kwenye kiti cha meneja."

Muthama alimtazama Musembi. Alikuwa amekipangusa kiti kile kila asubuhi kwa zaidi ya miaka kumi, hakuwahi kukikalia hata akiwa peke yake. Musembi alijipangusa jasho kwa leso, akatazama dirishani, akasema, "Keti basi. Si amesema uketi?" Akakiondokea, akavua koti, akaenda kusimama ukutani. Siku hiyo hakunywa chai.

Muthama alivalishwa suti, akafungwa tai. Mutindi alibaki kwenye taipu yake, kwa kuwa sinema ilihitaji mpigaji chapa na yeye alikuwa papo hapo. Karani aliigizwa na Jonah, mwigizaji wa jukwaani kutoka Machakos, mtu mwembamba mwenye macho yaliyoonekana kama yameshaomba msamaha. Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Muthama alitembea alipoambiwa atembee, akapokea simu isiyokuwa na mtu upande wa pili, akatia saini karatasi tupu. Jambo la ajabu lilikuwa nje ya kamera. Wakulima waliofika na shida zao walimkuta na suti, wakasimama kwa heshima. Mama mmoja kutoka Zombe alimweleza habari ya mbegu zilizooza mpaka mwisho. Muthama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa Musembi.

Kisha ikafika siku ya maneno yenyewe, ya kumnyima karani ruhusa. Musembi siku hiyo alikuwa ameitwa mkutanoni kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba.

Jonah aliingia, akasimama mbele ya meza, mikono nyuma. "Bwana, naomba ruhusa niende nyumbani siku mbili."

"Haiwezekani," Muthama alisema. "Nani atafanya kazi yako?"

Aftin akasimamisha kamera. "Mzee, unamnyima ruhusa. Wewe unamkaribisha chai."

Watu wakacheka, Muthama naye akacheka. Wakarudia. Safari hii alimwambia haiwezekani kama daktari anayempa mtu habari mbaya. Wakarudia tena, akawa kama mjomba. Kila mara Jonah alitoka akiwa na sura ya mtu aliyefarijiwa, na sinema haikutaka afarijiwe. Jua lilianza kusogea dirishani, fundi wa taa akaanza kunung'unika.

Aftin alimtoa Muthama nje barazani. Hakumkaripia. Alisimama naye wakitazama wauza maembe upande wa pili wa barabara, kisha akauliza, "Mzee, wewe umewahi kunyimwa ruhusa?"

Mwaka wa sabini na tisa ulimjia. Mbingu ya upande wa Ikutha ilikuwa imejaa, nzito, nyeusi, na mtu wa Ukambani haambiwi maana ya wingu hilo. Usipokuwa na mbegu ardhini mvua ya kwanza ikianguka, umekwisha kupoteza nusu ya msimu, na pengine wote. Alikuwa ameenda kwa Musembi kuomba siku mbili tu akapande. Mbinya alikuwa na mimba kubwa. Musembi alivuta suruali, akagonga meza. Muthama akarudi kwenye mafaili, na siku hiyo mchana kutwa aliisikia mvua ikipiga mabati ya ofisi, akajua kwamba mkewe yuko shambani na jembe, ameinama na tumbo lake.

"Nimewahi," alisema.

"Basi usiniambie habari yake. Ingia nayo ndani."

Wakaingia. Kamera ikaanza. Jonah akasimama mbele ya meza, akasema maneno yake. Muthama hakumtazama. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza. Kisha akainuka, akaivuta suruali juu kwa mikono miwili. Hakuwa na pete, lakini kifundo cha kidole kiliipiga meza, tok, tok. Na sauti iliyomtoka haikuwa ya Mtito Andei.

"Nyumbani," alisema polepole. "Kila mtu ana nyumbani. Hata mbuzi ana nyumbani. Hii ofisi si shamba la mama yako. Nani atafanya kazi yako? Mimi?"

Jonah aliinamisha kichwa, na haikuwa kuigiza. Kwenye kona, vidole vya Mutindi vilikuwa vimesimama juu ya taipu, ingawa aliambiwa asiache kupiga, na macho yake yalimtazama Muthama kama anayemwona mtu aliyekufa akipita barabarani. Kamera ililichukua hilo pia.

"Basi," Aftin akanong'ona. "Basi, imetosha. Tumepata."

Muthama aliketi. Aliomba maji. Aliyanywa yote, lakini lililomsumbua halikuwa kiu.

Mwisho wa mwezi alimweleza Mbinya. Walikuwa uani wakipukuchua mbaazi, watoto wameenda kuchota maji.

"Mama Kiilu, nitakwambia neno, usinicheke. Yale maneno, nilipoyasema, niliyasikia matamu."

"Matamu vipi?"

"Matamu. Mtu mzima amesimama mbele yangu, nikasema neno moja akapungua. Nilihisi kama nimekunywa kitu. Nikaogopa."

Mbinya alipepeta ungo, makapi yakaruka. "Yule kijana wa Bulle alikulipa ufanye hivyo?"

"Ni kazi, ndiyo."

"Basi umefanya kazi. Lakini hiyo sauti, Baba Kiilu, uiache huko huko Kitui. Ukija nayo hapa utapika mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa, na uzito ukamwondoka.

Filamu ilichukua miezi kukamilika. Mwaka uliofuata Aftin alirudi nayo, na kwa kuwa mjini hapakuwa na jumba la sinema, alimwendea mchungaji kuomba ukumbi wa kanisa. Mchungaji aliuliza kama kuna ulevi ndani yake. Hakuna. Kuna watu kukumbatiana? Hakuna, ni watu wa ofisi tu. Mchungaji akasema kama ni ofisi tu, hata yeye atakuja. Jumamosi mchana wakaziba madirisha kwa mablanketi, wakatundika shuka nyeupe mbele, na mzee Bulle akaleta jenereta yake akaiweka nyuma ya jiko la kanisa. Watu wakaja mpaka wengine wakasimama. Wakulima walikuja, wanakwaya walikuja, jamaa za Bulle walijaza safu mbili, wanawake wao na shela za rangi. Mbinya alikuja kutoka Ikutha na kiondo kilichojaa maboga, asiende kwa watu mikono mitupu. Musembi aliketi safu ya mbele na mkewe, suti ya kahawia mwilini, kwa kuwa ofisi ni yake na kila mtu ajue.

Muthama alipotokea kwenye shuka, mkubwa kama nyumba, amefunga tai, ukumbi ulilipuka. Watoto wakamwita kwa jina. Mbinya alifunika mdomo kwa leso. Kisha Jonah akaingia kuomba ruhusa, watu wakatulia. Muthama wa kwenye shuka akainuka. Akavuta suruali.

Kwa mara ya kwanza Muthama wa kwenye benchi alijiona. Tok, tok. Kabla neno halijatoka, sauti ya mwanamke nyuma ikasema kwa nguvu, "Asi! Si huyo ni Musembi!"

Ikawa kama kutupa kiberiti kwenye nyasi kavu. Wakulima walicheka, makarani walicheka wakificha nyuso, na "hii ofisi si shamba la mama yako" ilipotoka kwenye spika, nusu ya ukumbi waliisema pamoja naye. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wa Musembi. Alipiga mapaja, akalia machozi, akamshika mumewe bega asianguke. Musembi mwenyewe hakusogea. Muthama aliona kisogo chake tu, kimenyolewa upya.

Kicheko hakikudumu. Filamu iliendelea, karani akaweka kalamu chini, kesho yake kiti kikawa kitupu. Meneja akatoka chumbani akauliza, "Kwao ni wapi?" Akauliza huku, akauliza kule. Mwishoni alisimama peke yake karibu na kile kiti, asijue afanye nini na mikono yake. Shuka ikawa nyeupe. Mtoto mmoja akalia, kisha watu wakapiga makofi, na mchungaji akaomba sala fupi.

Jumatatu Musembi aliingia ofisini bila salamu. Muthama alipeleka chai, ikarudi baridi. Siku ya pili vivyo hivyo. Musembi hakukemea, hakugonga meza, hakuita, na ukimya huo uliwaogopesha wafanyakazi kuliko kelele zote alizowahi kupiga. Mutindi alimvuta Muthama kando. "Mzee, nenda ukamwombe msamaha."

"Wa nini? Nikisema nisamehe nimekuiga, nitakuwa nimesema ni yeye."

"Si ni yeye?"

"Ni yeye," Muthama alikubali. "Lakini mimi sikujua kama namwiga."

Alianza kujiandaa moyoni kurudi Mtito Andei. Alikuwa na nguvu bado, na malori hayajaacha kusimama. Alimtumia Mbinya habari kwa mtu, na Mbinya akamjibu kwa mtu huyo huyo: mbaazi zipo, asiogope.

Wiki ya pili ilikuwa karibu kuisha ndipo Musembi alipomwita. "Funga mlango. Keti."

Muthama alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Ile sauti uliitoa wapi?"

"Mzee, sikujua. Niliisikia mle ukumbini pamoja na watu wengine."

"Usinidanganye."

"Ningejua ningeibadilisha. Ningetafuta ya mtu wa mbali, mtu wa Nairobi."

Midomo ya Musembi ilicheza kidogo. Alitazama pete yake, akaizungusha. "Mama watoto anasema sikuigizwa. Anasema nilipigwa picha." Akaivua, akairudisha kidoleni. "Kijana wa Bulle aliniambia alikuuliza kama umewahi kunyimwa ruhusa, ukasema ndiyo. Ni mimi nilikunyima?"

"Ni wewe, mzee."

"Lini?"

Muthama akamweleza. Hakuongeza chumvi. Alimweleza wingu, mbegu, Mbinya na mimba yake. Musembi alikunja uso akitafuta, akatazama dari, akatazama kalenda, kama siku ile ingeweza kuwa mahali fulani mle chumbani.

"Siikumbuki," alisema mwishowe.

"Najua, mzee."

"Siikumbuki hata kidogo, Muthama."

"Siku ile ulikuwa na watu wengi."

"Mlipata chochote?"

"Mahindi yalikauka. Mbaazi zilikuja. Mama alipanda alivyoweza."

"Na mtoto?"

"Alizaliwa salama. Anaitwa Kiilu. Yuko darasa la pili."

"Kiilu," Musembi alirudia, kana kwamba anajifunza neno. Akatoa leso akapangusa uso, ingawa hapakuwa na joto. Neno la nisamehe halikumtoka. Pengine halikujua njia. Alilosema ni hili: "Mwaka huu wingu likikusanyika huko kwenu, usije kuniomba. Mwambie Mutindi, uende. Na kesho chai yangu uiweke tangawizi, hii wiki umeninywesha maji."

Muthama alitaka kusema kwamba chai ilikuwa ile ile, na kwamba iliyorudi ilikuwa haijaguswa. Akaliacha.

Mvua za Novemba zilipokaribia, alimwambia Mutindi, akaenda. Alipanda pamoja na mkewe, mstari kwa mstari, Kiilu nyuma yao akifukia mbegu kwa mguu, na mvua iliwakuta shambani wakaipokea vichwani. Mazao ya msimu ule hayakuwa ya ajabu. Lakini alipanda kwa mkono wake, akala alichopanda, na kwake hilo lilitosha.

Musembi hakugeuka malaika. Aliendelea kukemea, na suruali aliendelea kuivuta. Ila mara nyingine, katikati ya ghadhabu, mkono ukiwa umeshainuka kuigonga meza, alimwona Muthama amesimama mlangoni na sinia, mkono ukashuka polepole ukaenda kukuna shingo. Wafanyakazi waligundua, wakaanza kumwomba Muthama apite na chai kila mtu alipoitwa chumbani. Mwaka ule ofisi ile ilikunywa chai nyingi mno.

Filamu ilizunguka shule na kumbi za Kitui na Makueni, na mahali pengi watu walimjua Muthama kabla hajajitambulisha. Akiwa sokoni katika mji wa Wote kununua ngozi ya viatu, muuzaji alikataa kupatana naye bei, akisema yeye hapatani na mameneja. Aftin alimwandikia mara moja baadaye akitaka aigize jaji katika filamu nyingine, huko Nairobi. Muthama alifikiri siku nzima. Mbuzi wake wawili walikuwa karibu kuzaa, na Mbinya alikuwa akisumbuliwa na goti. Alimjibu kwa heshima kwamba jaji atafutwe mwingine, na akamtumia asali.

Alistaafu mwaka wa tisini na tatu, akarudi Ikutha moja kwa moja. Huko kanisa lilimkamata. Kila Krismasi palikuwa na mchezo wa kuzaliwa Yesu, na kila Krismasi wazee wa kanisa waliketi kugawa nafasi, wakafika kwa Herode, wakamtazama yeye. Aliwaomba mwaka mmoja wampe Yusufu. Wakasema Yusufu haongei sana, sauti kama ile si ya kutupwa. Mwaka uliofuata aliomba hata mchungaji wa kondoo. Wakamwongezea Farao wa Pasaka.

Basi akawa Herode. Mbinya alimshonea kanzu kutoka pazia jekundu la zamani, na taji walilikata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Krismasi ya mwaka wa tisini na sita alisimama mbele ya kanisa lililojaa, akawauliza mamajusi mtoto yuko wapi, na alipoinua sauti watoto wa safu ya mbele walikimbilia mapajani mwa mama zao. Mmoja alilia kiasi cha kutolewa nje.

Mchezo ulipokwisha, Herode alitoka kwa mlango wa nyuma, akamtafuta yule mtoto. Alimkuta chini ya mkwaju na nyanyake, bado ana kwikwi. Muthama akachutama, akavua lile taji la debe, akampa alishike. Mtoto akaligeuza, akaona picha ya mtende iliyobaki upande wa ndani, akaacha kulia.

"Wewe ni mfalme kweli?" aliuliza.

"La, mimi ni mtoto wa mzee Ndululu, wa pale ng'ambo ya mto. Ushakula chapati?"

Mtoto akatikisa kichwa. Muthama akamshika mkono, wakaenda mahali Mbinya alipokuwa akigawa chakula, kanzu nyekundu ikiburura vumbi nyuma yao.